Sura ya Sita: Jani na Kidonge katika Damu Moja

Mwaka 2013 Félicien Kasali wa Bukavu na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo walilolifanya kwa simbilisi, wanyama wale ambao Kivu nzima inawafuga jikoni na kuwaita dende. Walichukua majani ya mmea unaozaa tunda dogo la manjano lililojificha ndani ya mfuko mkavu, tunda ambalo watoto wa milimani hulichuma kandokando ya mashamba. Jina lake la kisayansi ni Physalis peruviana. Dawa ya majani hayo ilinyweshwa dende, nao wakapewa glukosi nyingi kwa mkupuo. Nusu saa baadaye, wakati ambapo sukari ya damu hufika kileleni, wale waliopewa majani walikuwa na sukari ya chini kuliko wenzao ambao hawakupewa dawa. Pembeni palikuwa na kundi la tatu lililopewa glibenklamidi, kidonge cha sukari kinachojulikana sana katika famasi za ukanda huu, ili jani lipimwe dhidi ya kidonge.

Matokeo hayo yana nusu ya pili, na ndiyo inayosahaulika yanaposimuliwa sokoni. Kipimo kilipozidishwa, jani lilelile liligeuka sumu. Watafiti waliliandika jambo hilo waziwazi: dawa inashusha sukari ya mnyama, na kwa wingi inaweza kumdhuru vibaya. Naanza na kazi yao kwa sababu ilifanyika karibu nasi, kwa mnyama tunayemjua na mmea unaoota nyuma ya nyumba zetu, na kwa sababu waliandika nusu zote mbili. Kazi nyingi za aina hii duniani huishia kwenye ile ya kwanza.

Sasa tushuke bondeni. Ukitoka Bukavu kwa barabara ya taifa namba 5, ukateremka mlima wa Ngomo na kuipita Kamanyola, unaingia katika joto la Bonde la Ruzizi, na hapo ndipo ilipo Luvungi. Upande wa mashariki kuna mto, na ng'ambo ya mto ni Burundi. Upande wa magharibi nchi inapanda hadi milima ya Wafuliiru na Lemera, ambako ipo hospitali iliyoshambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Bonde hili ni la mpunga, mahindi na muhogo. Ugali wa muhogo na sombe ndicho chakula cha kila siku, na ndagala wa Tanganyika wakipatikana, ni neema. Februari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Bukavu na kushuka hadi Kamanyola, barabara hiyo iligeuka mstari wa vita. Barabara ikikatika, vidonge navyo hukatika.

Mgonjwa wa sukari katika mji kama huu hakai kuchagua kati ya jani na kidonge. Anatumia vyote viwili. Asubuhi anameza kidonge cha metformini alichoandikiwa kwenye kituo cha afya, mchana anakunywa kikombe cha majani machungu aliyoletewa na shemeji yake, na jioni huenda akaongeza ya tatu ambayo jirani ameisifu. Wiki ambayo fedha hazipo, au famasi iko tupu, kidonge kinakaa kando na majani yanaongezwa. Hali hii ipo Luvungi, ipo Uvira, ipo Kigoma, ipo Mombasa, na sijui mji wa Waswahili ambako haipo. Kwa hiyo utafiti unaochukua jani peke yake na kuuliza kama linashusha sukari, hata ukifanywa vizuri, haujamfikia mgonjwa huyu. Unaomkaribia ni ule unaoweka jani na kidonge katika mwili mmoja na kutazama kinachotokea. Utafiti wa namna hiyo upo, karibu wote umefanywa kwa panya, na sura hii inahusu tunachoweza kujifunza kutoka kwa panya hao na mahali ambapo ushahidi wao unakoma.

Kwanza ni vema ijulikane kwamba metformini yenyewe ina ukoo wa majani. Ulaya kuna mmea wa malisho uitwao Galega officinalis, ambao kondoo wakiula kwa wingi hufa. Mwaka 1914 mkemia Mfaransa Georges Tanret alitoa ndani yake kemikali iliyopewa jina la galegini. Mwaka 1918 C. K. Watanabe alionyesha kwamba guanidini, kemikali ya jamii hiyohiyo, inashusha sukari ya wanyama, lakini ilikuwa kali mno kwa mwanadamu. Mwaka 1922, Emil Werner na James Bell waliitengeneza metformini katika maabara ya Dublin, na mwaka 1929 ilijaribiwa kwa sungura, ikashusha sukari bila kuwaumiza sana. Baada ya hapo iliwekwa kabatini. Insulini ilikuwa imepatikana Toronto, na kila jicho lilikuwa huko. Ilibidi ifike mwaka 1957 ndipo daktari Jean Sterne wa Paris alipoijaribu kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo. Marekani iliikubali mwishoni mwa 1994, na mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha kwamba, kwa wagonjwa wanene wa kisukari cha aina ya 2, inapunguza vifo.

Kutoka sungura hadi mgonjwa wa kwanza wa Sterne ni miaka 28. Dawa ndugu yake, fenformini, nayo ilishusha sukari vizuri sana, ikauzwa kwa miaka mingi, kisha ikaondolewa katika nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu ilikuwa inajaza damu ya baadhi ya wagonjwa asidi ya laktiki na kuwaua. Dawa mbili zilizotoka katika ukoo mmoja na zote zikashusha sukari. Moja imebaki kuwa kidonge cha kwanza cha kisukari duniani, nyingine imezikwa. Kilichozitenganisha ni miaka ya kufuatilia watu.

Katika majaribio mengi ya aina hii, panya hapati kisukari kwa kuzeeka au kwa kula. Anafanywa mgonjwa. Njia ya kale zaidi ya kumfanya mnyama hivyo ni ya mwaka 1889, pale von Mering na Minkowski walipomtoa mbwa kongosho mjini Strasbourg na kugundua kwamba mkojo wake umejaa sukari. Njia inayotumika zaidi Afrika leo ni ya kemikali. Mwaka 1943 kikundi cha Glasgow kiligundua kwamba aloksani huua seli za beta, zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Miaka 20 baadaye ikajulikana kwamba streptozotosini, iliyotolewa kwenye bakteria wa udongo, hufanya kazi hiyohiyo. Kemikali hizi hujipenyeza kupitia mlango ambao seli hutumia kupokea glukosi, na zikishaingia huiharibu seli kutoka ndani. Sindano moja, na katika siku chache panya ana kisukari.

Baada ya hapo panya hugawanywa makundi. Kuna wazima, wagonjwa wasiotibiwa, wagonjwa wanaopewa metformini au glibenklamidi, wanaopewa dondoo ya jani, na wanaopewa vyote viwili. Wanapimwa sukari kwa wiki tatu au nne, kisha wanachinjwa na ini, figo na kongosho vinatazamwa kwa darubini. Mara nyingi kila kundi lina panya watano au sita tu.

Mfano mzuri ni wa Nigeria. Mwaka 2010 watafiti wa huko walichapisha jaribio la metformini pamoja na majani ya Vernonia amygdalina kwa panya waliofanywa wagonjwa kwa aloksani. Mmea huo Washi huuita mubirizi, na Warundi umubirizi. Ni ule mti mdogo mchungu unaopandwa uani, ambao bibi zetu waliutumia kwa homa na minyoo. Nigeria wanaula pia kama mboga, baada ya kuuosha uchungu wake. Watafiti hao walijaribu mchanganyiko kwa viwango mbalimbali vya jani na kidonge, na wakaona kwamba pamoja vinashusha sukari zaidi kuliko kila kimoja peke yake. Tangu hapo majaribio ya aina hii, kwa mimea mingi na katika nchi nyingi, yamekuwa yakileta habari inayofanana: sukari inashuka zaidi, na mara nyingi ini na figo za wanyama waliopewa vyote viwili zinaonekana nzima zaidi.

Kuna sababu za kulitarajia hilo. Metformini hufanya kazi hasa kwenye ini, inalizuia lisimwage glukosi mpya ndani ya damu. Glibenklamidi hukamua insulini kutoka seli za beta zilizobaki. Majani mengi machungu yana kemikali zinazopunguza kasi ya vimeng'enya vya utumbo vinavyovunja wanga kuwa sukari, na mengine hulinda seli zisichomwe na mabaki makali ya kemikali za mwili. Milango ikiwa mitatu na kila dawa ikasimama kwenye mlango wake, si ajabu sukari ikapungua zaidi.

Hadi hapo nakubaliana na watafiti hawa bila shida. Tatizo langu ni swali wanalouliza. Karibu kila jaribio linauliza: je, sukari imeshuka zaidi? Panya mwenye sukari ya miligramu 400 kwa desilita, asiye na insulini, akishuka hadi 150, ni ushindi. Lakini mama wa Luvungi mwenye sukari ya 180 ambaye tayari anameza glibenklamidi hahitaji kushuka zaidi na zaidi. Anahitaji sukari yake itue mahali salama na ibaki hapo usiku kucha, hata siku aliyokula kidogo kwa sababu mihogo imeisha. Kwake neno "zaidi" linaweza kumaanisha jasho, mikono kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuvurugika, na hatimaye kupoteza fahamu. Sukari ikishuka chini ya 70, mwili huanza kulalamika. Ikishuka mno, ubongo hukosa chakula. Panya aliyesinzia pembeni ya kizimba hawezi kueleza kwamba kichwa kinamzunguka, na katika nyingi ya ripoti hizi hakuna hata safu ya jedwali inayohesabu mara ambazo sukari ilishuka kupita kiasi.

Hapa vidonge havilingani, na ningependa kila familia yenye mgonjwa wa sukari ijue tofauti hii. Metformini ikitumiwa peke yake ni nadra kushusha sukari hadi kiwango cha hatari, kwa sababu hailazimishi kongosho kutoa insulini. Glibenklamidi hulazimisha, na nguvu yake hudumu saa nyingi, hasa kwa mzee au kwa mtu ambaye figo zake zimechoka. Jani linaloshusha sukari likiongezwa juu ya metformini, hatari ipo lakini ni ndogo. Likiongezwa juu ya glibenklamidi au insulini, hatari ni ya kweli. Mwaka 1979 jarida la Lancet lilieleza kisa cha mwanamke mwenye asili ya Pakistani aliyekuwa akitibiwa Uingereza kwa klopropamidi, kidonge cha jamii moja na glibenklamidi. Madaktari waliona udhibiti wa sukari yake unabadilika bila wao kubadilisha dawa. Kumbe alikuwa anakula mchuzi wa karela, lile tunda chungu lenye chunusi ambalo Wahindi wa pwani yetu wanalipenda na ambalo ndugu zake wa porini hutambaa kwenye nyua za nyumba za Kivu. Huenda hakudhani ni dawa inayofaa kutajwa, na pengine hakuna aliyemuuliza.

Upo pia uwezekano wa kinyume, jani kuvuruga safari ya kidonge. Metformini huingia kwenye ini kupitia milango maalumu ya kemikali na hutoka mwilini kwa figo ikiwa vilevile ilivyoingia, haivunjwi. Baadhi ya kemikali za mimea, berberini ikiwa mojawapo, zimeonekana maabara zikiziba milango hiyo. Mlango wa figo ukizibwa, dawa hukaa kwenye damu muda mrefu. Mlango wa ini ukizibwa, dawa haifiki inakotakiwa. Ni kwa nini basi majaribio mengi ya kuchanganya hayapimi kiasi cha kidonge kilichomo kwenye damu ya panya, yanapima sukari tu? Kwa sehemu ni mashine. Kipima sukari ni cha bei nafuu na mashine ya kupima metformini ni ghali. Naielewa sababu hiyo, lakini haifanyi pengo liwe dogo.

Kisha kuna hesabu ya kipimo, ambayo huwapotosha hata waliosoma. Tuseme panya alipewa miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 akizidisha moja kwa moja anapata gramu 24. Sivyo inavyofanywa. Mwili wa panya huchoma dawa haraka kuliko wetu, hivyo wataalamu wa dawa hugawanya kipimo cha panya mkubwa kwa takriban 6 ili kukadiria cha mwanadamu. Kwa panya mdogo hugawanya kwa 12. Miligramu 400 zinakuwa karibu 65 kwa kilo, yaani kama gramu 4 kwa mtu mzima. Aliyezidisha tu amejipa mara sita. Na hizo gramu 4 ni za dondoo kavu iliyokamuliwa. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za dondoo, mtu atahitaji gramu 40 za majani makavu kila siku, rundo ambalo hakuna anayeliweka kwenye kikombe kimoja. Kwa hiyo katika bonde hili wapo wanaokunywa kidogo mno kiasi cha kutosaidiwa, na wapo wanaochemsha hadi maji yawe meusi wakapita mpaka. Kikombe hakiwaambii wako upande gani.

Kuhusu sehemu ya mmea na kiasi chake, mwalimu bora niliyemsoma si panya. Ni sokwe wa ziwa letu wenyewe. Novemba 1987, katika milima ya Mahale kwenye ufuo wa mashariki wa Tanganyika, Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyeijua misitu hiyo na dawa zake, alikuwa na mtafiti Michael Huffman wakimfuatilia sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, amelegea, hataki kula. Akalivuta tawi la Vernonia amygdalina, akamenya ganda, akatafuna kiini chake, akafyonza maji machungu na kutema nyuzi. Majani hakuyagusa. Kalunde aliutambua mti huo mara moja: kwa Watongwe ni mjonso, dawa ya tumbo na minyoo. Kesho yake Chausiku alikuwa amepata nafuu. Uchunguzi wa baadaye wa kemikali uligundua kwamba vernodalini, ambayo ni sumu kali, imejaa kwenye majani na ganda kuliko kwenye kiini. Sokwe alikuwa anachagua sehemu ya mti. Hakuwa anatibu sukari, na simleti hapa kama ushahidi wa sukari. Namleta kwa sababu mmea mmoja una dawa na sumu katika sehemu tofauti, na anayeandika "tumia mubirizi" bila kusema sehemu gani, kiasi gani na kwa muda gani, hajaandika kitu cha kumfaa mgonjwa.

Wanyama wa maabara wakati mwingine hutuonyesha jambo ambalo hatukulitafuta. Miaka ya 1950 Robert Noble na Charles Beer wa Kanada walipokea majani ya Catharanthus roseus kutoka Jamaika, ambako watu waliyanywa kama chai ya kisukari. Waliyajaribu kwa wanyama. Sukari haikutikisika, lakini chembe nyeupe za damu zilianguka vibaya. Kutokana na hilo walipata vinblastini mwaka 1958, na njia ikafunguka kuelekea vinkristini, dawa ambayo hadi leo inaokoa watoto wenye saratani ya damu. Ni habari kubwa ya tiba. Ina upande mwingine pia: chai ambayo watu waliinywa kwa sukari ilikuwa na kemikali inayoshambulia uboho wa mifupa, na hakuna mnywaji ambaye angeweza kuihisi kwa ulimi.

Mara nyingine mnyama hutupotosha, na mfano wake unatuhusu sisi walaji wa muhogo. Mwaka 1979 McMillan na Geevarghese walitoa hoja kwamba kisukari cha watu wembamba wa nchi za joto kinatokana na sayanidi ya muhogo usioandaliwa vizuri. Sukari ya panya waliopewa sayanidi ilikuwa imepanda, na hoja ikaingia vitabuni. Mwaka 1992 Andrew Swai, Donald McLarty na wenzao walichapisha uchunguzi wa jamii ya Watanzania walao muhogo kwa wingi, watu ambao miili yao ilionyesha dalili za kupokea sayanidi hiyo. Kisukari kilikuwa nadra miongoni mwao. Kichwa cha makala yao kilisema bila kuzunguka kwamba muhogo hausababishi kisukari. Panya walikuwa wamesema jambo moja, wanakijiji wakasema lingine, na wanakijiji ndio waliokuwa sahihi. Nalipenda somo hili kuliko mengi katika kitabu hiki, kwa sababu lilifanywa kwa mkono wa watu wetu pia, katika vijiji vyetu, kwa swali lililokuwa linatishia sahani zetu.

Hao watu wembamba wenye kisukari bado wapo, na Kivu inawajua. Aprili 2025, katika mkutano wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua rasmi aina ya 5, inayotokana na utapiamlo wa muda mrefu. Kwa eneo ambalo vita vimekuwa vikiwatoa watu mashambani mwao kwa miaka karibu 30, utambuzi huo una uzito. Panya aliyechomwa sindano ya aloksani Jumatatu na kuwa mgonjwa Alhamisi hafanani na kijana wa bonde aliyekua kwa mlo mmoja kwa siku. Hafanani sana pia na mama mnene wa Uvira ambaye kongosho lake lilichoka polepole kwa miaka 15. Hata dende wa Bukavu ni mnyama wa pekee: insulini yake ina umbo tofauti sana na yetu, na anajulikana kwa kustahimili aloksani. Jibu lake kuhusu jani ni la kusikilizwa. Haliwezi kuwa la mwisho.

Wapo watakaosema: kwa nini kusubiri, majani ni ya asili na watu wanapona? Mwaka 2011 Afrika Mashariki yote ilikuwa barabarani kuelekea Samunge, Loliondo, ambako mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe kwa shilingi 500 za Tanzania kwa magonjwa mengi sugu, kisukari kikiwemo. Mizizi aliyoichemsha ilitambuliwa kuwa ya Carissa edulis, mugariga. Wachache walijua kwamba mwaka 1996 watafiti wa Misri walikuwa wamechapisha jaribio la majani ya mmea huohuo kwa panya wa kisukari, na sukari ilishuka. Mmea haukuwa wa kubezwa. Kosa lilikuwa kwamba baadhi ya watu waliunywa kisha wakaacha vidonge vyao, wakiamini kazi imekwisha. Jani linaloshusha sukari ya panya kwa saa kadhaa halimponyi mtu aliyeishi na kisukari miaka kumi, na siku ambazo amekaa bila dawa macho yake na figo zake vinaendelea kulipa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Majaribio ya wanyama ya kuchanganya mimea na vidonge ni kazi ya thamani, na yanafaa kuongezwa, hasa Bukavu na Uvira, kwa mimea inayonywewa kweli huku kwetu na kwa vidonge vinavyopatikana kweli. Yapime mara ambazo sukari inashuka kupita kiasi. Yapime kiasi cha kidonge kwenye damu. Yajaribu kipimo kidogo cha kidonge pamoja na jani, kwa sababu hilo ndilo tumaini la mahali ambapo vidonge 30 vinapaswa kufikishwa siku 60. Na jani likifaulu kwa wanyama, lisiishie kwenye jarida. Lipelekwe kwa wagonjwa waliokubali, wachache, chini ya uangalizi wa daktari, kama metformini ilivyopelekwa mwaka 1957.

Hadi hapo, wewe unayesoma ukiwa na kisukari, au unamtunza baba, mama au mzee mwenye kisukari, usiache kidonge kwa sababu ya jani. Kama unakunywa majani, mwambie muuguzi au munganga jina lake, sehemu unayotumia na kiasi, na mwambie hata asipokuuliza. Kama kidonge chako ni glibenklamidi au unachoma insulini, usianze jani jipya bila kupima sukari siku hizo za mwanzo, na weka karibu na kitanda sukari au chupa ya Fanta. Mtu akitokwa jasho jingi na kuanza kuchanganyikiwa, mpe kinywaji chenye sukari mara moja. Akiwa amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize kituoni. Na nyinyi wauguzi wa bonde, mnapomwandikia mtu dawa ya sukari, muulizeni kwa upole, bila kumkemea, ni majani gani anayokunywa nyumbani. Mkimkemea atawaficha, na ataendelea kuyanywa.